Ruhusa ya Shangazi

2 Machi

Dada,

Shikamoo. Huku kwetu tunapumua, watoto wanakula kama wametoka kifungoni, na wifi yako anakusalimu, ingawa amesema nisiandike kwamba anakusalimu mpaka umrudishie sufuria yake.

Nina jambo. Leo Bosi wa Masijala ametukusanya wote, akatutangazia kwa sauti ya mtu anayetoa mahari kwamba hospitali yetu imechaguliwa kujaribu ule mfumo endeshi mpya wa kompyuta kabla haujatolewa kwa watu wote. Mfumo wenu. Akaongeza, "Dada yake huyu ndiye anayeupima kule, kwa hiyo tuko mikononi mwa ndugu." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Sikupiga kwa sababu nakumbuka walivyotubadilishia mara ya mwisho. Waliniahidi siku moja, nikakaa majuma kama gunia lililosahauliwa na mwenyewe, kila anayepita ananiambia pole. Pole ya nini? Sikuwa mgonjwa, nilikuwa nimenyang'anywa kazi. Unaijua kazi yangu. Daktari ananong'ona kwenye kinasa sauti kama mtu anayekiri dhambi, mimi namsikiliza na kuchapa, halafu Shangazi ananisomea nilichochapa ili nisimwandikie mtu ugonjwa usio wake. Juzi daktari mgeni kaniuliza huyo Shangazi ni nani. Nikamwambia ni programu inayosoma kwa sauti kila kitu kilichomo kwenye kompyuta, nami nimempa jina hilo kwa sababu anaongea bila kupumua, hacheki, na nikikosea herufi moja ananisema mbele za watu.

Nikiwa naye mimi ni mchapaji. Asipokuwepo mimi ni kipofu aliyekaa mbele ya kibodi. Kwa hiyo nakuuliza wewe, si ofisi yenu: ataingia kwenye huo mfumo mpya, au ataachwa mlangoni? Ukisema ataingia, nitawaacha waweke. Ukisema haingii, nitajifunga kamba kwenye meza. Wanaweka Jumatatu.

Mdogo wako,
Redio

*

4 Machi

Redio,

Marahaba. Sufuria ipo, mama anaipenda, na kumnyang'anya mama sufuria mimi siwezi. Wifi aje mwenyewe ajaribu.

Sasa sikiliza. Kazi yetu humu chumba cha majaribio ni mbili. Ya kwanza ni uthabiti, yaani mfumo usianguke katikati ya kazi. Ya pili ni kuendana, yaani programu ya mtu iliyokuwa inafanya kazi jana ifanye kazi na kesho. Programu ni nyingi kuliko vidole vyetu, kwa hiyo tuna mtambo wa kupimia. Wenyewe unaifungua programu, unaitumia kutwa, unaifunga, kisha unatuandikia kama imefaulu au imeanguka.

Nimetafuta majibu ya Shangazi. Amefunguka, amesoma, hajaanguka, amefungwa salama. Ameandikwa kwa kijani. Lakini kwa kuwa ni wewe sikuridhika na rangi, nikavaa hedifoni nikaketi nikamsikiliza kwa masikio yangu. Anasoma, na kukaripia anakaripia vilevile.

Waache waweke. Nakupa neno langu.

Dada yako

*

11 Machi

Wifi,

Naandika mimi kwa simu, maana mwenye barua hawezi. Barua zako alikuwa anasomewa na ile mashine ya kazini, na mashine imekuwa bubu.

Waliweka Jumatatu. Akawasha, akangoja, kimya. Akabonyeza kibodi yote kuanzia pembe hii hadi ile, kimya. Akaitwa fundi wa ofisi, akainama, akasema feni inazunguka, mashine ni nzima, awe na subira. Mashine yake haina skrini, unajua, mhasibu aliichukua zamani akasema huyu skrini ya nini. Mume wangu akamwomba fundi alete skrini aangalie kuna nini ndani. Fundi akacheka.

Amesema nikuandikie hivi, na ninaandika neno kwa neno: "Shangazi amekufa, na wewe ndiye uliyempa cheti cha afya."

Hili la chini ni langu, yeye hajui kama nakuambia. Wamemtoa mezani. Wamemweka mlangoni awagawie wagonjwa namba. Bosi wa Masijala amesema mfumo kamili unatoka tarehe tano Aprili, na kama siku hiyo hataweza kuiwasha mashine mwenyewe akaanza kazi, kiti chake anapewa mtu mwingine. Jioni anarudi, anakula, anakaa kimya. Wewe mwenyewe ndiye uliyempa jina la Redio tangu utotoni. Fikiria nyumba hii ilivyo sasa.

Wifi yako

*

12 Machi

Redio,

Wifi amenifikishia maneno yako, nami sikuyapenda. Sikutoa cheti bila kumwona mgonjwa. Asubuhi hii nimerudia. Mtambo umemfungua Shangazi mbele yangu, akaongea mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniomba nimpunguze.

Kwa hiyo tuangalie huko kwenu. Spika zimechomekwa? Sauti imepandishwa? Waya wa hedifoni zako za zamani haujakatika? Huyo fundi anayecheka badala ya kutazama, ana uhakika hajachomoa kitu alipoinama? Watu wengi wanaulaumu mfumo, kumbe ni waya tu. Kila siku tunapokea malalamiko ya namna hiyo.

Angalia hayo kwanza kwa utulivu, halafu uniambie. Huku hakuna kosa.

Dada yako

*

14 Machi

Dada,

Unaniuliza mimi kama nimechomeka spika. Basi muulize na mpishi kama amewasha jiko. Muulize mama kama anakumbuka alikuzaa.

Spika ni nzima. Nimezipeleka kwa mlinzi, tukazichomeka kwenye redio yake, zikaimba mpaka wagonjwa wakageuka. Sauti imepandishwa. Waya ni mpya, niliununua mwenyewe. Na huo utulivu unaoniambia niwe nao, nimekaa nao mlangoni wiki nzima nikigawa vikaratasi. Leo mzee mmoja kaniuliza, "Na wewe unasubiri daktari gani?" Nikampa namba yake.

Unasema ulimsikia. Sikukatalii, masikio ni yako. Lakini mtambo wenu ndio uliomfungua. Wewe ulimkuta tayari anaongea, kama mgeni anayefika chakula kimeshapakuliwa. Nani kati yenu humo ndani amewahi kumwamsha mwenyewe, kwa kibodi, bila kutazama? Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe itabidi uambiwe usitazame. Nijibu hilo kwanza ndipo uniulize habari za waya.

Redio,
kwa mkono wa mke wake, aliyekataa kuandika maneno mawili ya mwisho

*

15 Machi

Redio,

Wifi, msomee yote, hata yale ya kunitia aibu.

Barua yako iliniudhi sana. Nikasema ngoja nimwonyeshe. Nikachukua kompyuta mpya, nikaweka mfumo, nikaweka Shangazi, nikaigeuzia skrini ukutani. Nikawasha, nikaweka vidole kwenye kibodi, nikangoja aanze kunikaripia.

Kimya. Nikabonyeza kila ninachokijua. Kimya. Nikaanza kubonyeza ovyo, nami nilikuwa na macho yangu na ruhusa ya kugeuza skrini wakati wowote. Nilipoigeuza, katikati palikuwa na kidirisha kidogo cha buluu: "Programu hii inaomba kutoa sauti. Je, unairuhusu? Ndiyo. Hapana." Hakilii, hakisemi, kimesimama tu. Kibodi haikigusi, lazima upeleke kishale cha kipanya juu ya neno ndipo ubonyeze. Wamekiweka kwa ajili ya usalama, programu za kihuni zisije zikapiga kelele bila ruhusa. Na kila unapoiwasha mashine kinarudi.

Yaani mfumo unamwuliza mtu asiyeona, kwa maandishi, kama anaruhusu asomewe maandishi.

Na mtambo wetu je? Kikulacho ki nguoni mwako. Zamani vidirisha vya namna hii vilikuwa vinakwamisha majaribio, basi tukaufundisha mtambo ubonyeze Ndiyo kwa kila swali linalotokea, uendelee na kazi, wala usituandikie kwamba kuna swali lilitokea. Tunaiita adabu ya mtambo. Kila anayeajiriwa humu anaelekezwa adabu hiyo siku ya kwanza, na mimi nimewaelekeza wengi. Shangazi alikuwa anaongea kwangu kwa sababu kuna aliyekuwa anamjibia.

Ulikuwa sahihi, mimi nilikosea, na zile habari za spika naomba uzisahau. Siku zote nimekuwa nikijisifu kwamba hakuna kinachotoka humu kikiwa kibovu. Sasa hivi naandika kwa Mkuu wa Utoaji, ndiye mwenye kauli ya lini mfumo unatolewa kwa watu.

Dada yako

*

15 Machi

Kwa Mkuu wa Utoaji,

YAH: MFUMO MPYA HAUENDANI NA PROGRAMU ZA KUSOMA KWA SAUTI

Nimegundua leo kwamba mtumiaji asiyeona hawezi kuuanza mfumo wetu bila mtu wa kumbonyezea kidirisha cha ruhusa ya sauti. Majaribio yetu yalikipita kidirisha hicho bila kukihesabu, na kosa hilo ni la chumba changu. Nimefuta alama ya kijani niliyoitoa. Naomba utoaji usimamishwe mpaka kidirisha kiweze kusema chenyewe na kujibiwa kwa kibodi. Ni kazi ya siku chache.

Mpimaji Mkuu

*

17 Machi

Ndugu Mpimaji Mkuu,

Nashukuru kwa barua yako na kwa moyo unaoiweka katika kazi. Uangalifu wako ni hazina kwa kampuni.

Hata hivyo tuliangalie jambo hili kwa mapana. Kwa mujibu wa taratibu tulizokubaliana, programu inahesabiwa kuwa inaendana na mfumo ikiwa inafunguka na haianguki. Hiyo unayoitaja inafunguka na haianguki. Watumiaji wake ni wachache. Kubonyeza kidirisha hakuchukui muda, na sidhani kama kuna ofisi isiyokuwa na hata mtu mmoja mwenye macho wa kumsaidia mwenzake. Tunaweza kukirekebisha katika toleo lijalo.

Ukumbi umeshalipiwa, wageni wameshaalikwa, na tarehe tano Aprili haitasogea. Nafahamu pia kwamba mlalamikaji ni mdogo wako wa kuzaliwa. Napenda kuamini kwamba hilo halijaathiri maamuzi yako.

Nasubiri saini yako kwenye hati ya kuendana ifikapo Ijumaa.

Mkuu wa Utoaji

*

18 Machi

Kwa Mkuu wa Utoaji,

Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nimeuona mgongo.

Ndiyo, ni mdogo wangu wa kuzaliwa. Ndiyo sababu nimejua. Wale wengine wasiokuwa na dada humu ndani nani angetuambia habari zao? Wangekaa mbele ya mashine zao wakidhani wamekosea wao, na sisi tungewauliza kama wamechomeka spika. Mimi nimeshauliza, najua ninachokisema.

Hebu jaribu hivi. Kila asubuhi ukute ofisi yako imefungwa, ufunguo kapewa yeyote atakayepita, nawe usimame koridoni umngoje akufungulie. Wiki ya kwanza tu ungemfukuza mtu kazi. Mkuki kwa nguruwe.

Hati sitaisaini.

Mpimaji Mkuu

*

20 Machi

Dada,

Fundi amefuata maelekezo uliyomtumia, naye hakucheka tena. Wameniletea skrini mbovu yenye ufa, wakaisimamisha mezani kwangu ili wenye macho wapate pa kutazama. Tarishi ndiye aliyepewa kazi ya kunibonyezea kila asubuhi. Shangazi amerudi, na mimi nimerudi mezani, kwa muda, mpaka hiyo tarehe tano. Barua bado ananiandikia na kunisomea mke wangu, maana sitaki kukuandikia kwa mashine niliyofunguliwa na mtu.

Jana tarishi alitumwa benki mapema. Nikakaa. Nikasikia viatu vya nesi, nikasema, "Samahani mama, una nafasi kidogo?" Akanishika mkono akaniongoza mpaka chooni. Alikuwa na huruma, sikuweza hata kumgombeza. Nilipomweleza tena akasema ana haraka. Mhasibu akasema yeye hagusi mashine ya mtu, kama si yeye aliyeninyang'anya skrini. Miaka yote nimeingia kazini, nikasalimia, nikakaa, nikaanza. Sasa naingia, nasalimia, nakaa, naanza kuomba. Mwili mzima unaniwaka nikifikiria kwamba kesho naomba tena.

Lakini nimesomewa nakala ulizonitumia za barua zako na Mkuu, nasikia wanakudai saini na umewanyima. Wape, Dada. Mama yuko kwako, anakula kwako, dawa zake ni wewe. Mimi nimeshazoea. Tarishi ni mtu mwema na benki haendi kila siku.

Redio

Wifi, hajazoea. Jana alirudi akaoga, akaoga tena. Usisaini. — Wifi yako

*

22 Machi

Redio,

Kusikia hujambo na umerudi mezani kumenifurahisha. Huku kazi inaendelea, mama hajambo, anakusalimu na kuuliza kama unavaa sweta. Kuhusu hilo la saini, usiumize kichwa, mimi na Mkuu tunazungumza. Kazi ni kazi, mambo yatakaa sawa.

Wifi, kuanzia hapa usimsomee. Nimetolewa kwenye majaribio. Kuanzia Jumatatu niko stoo, nahesabu mashine mbovu zinazosubiri kutupwa, na mshahara umepunguzwa. Mkuu ameniambia hivi kwa sauti ya upole kabisa, akanimiminia na chai. Hati amepewa mwenzangu wa meza ya pili, yule niliyemfundisha kazi mwenyewe, aisaini yeye. Nina hasira ya kutosha kuichemsha hiyo chai yake bila moto. Mama sijamwambia, anajua tu kwamba siku hizi narudi na vumbi. Redio akijua atajiona yeye ndiye aliyeniponza, na ataniandikia barua nyingine ya nimeshazoea. Sitaki kuisoma.

Dada yako

*

24 Machi

Wifi,

Nimeshindwa. Nilisoma vizuri mpaka kwenye sweta. Nilipofika kwenye mambo yatakaa sawa nikaishusha simu nikasema, "Basi, imeisha." Akasema, "Rudi." Nikamwambia imeisha. Akasema, "Umevuta pumzi ya kusoma, halafu ukaimeza. Mimi nalipwa kuwasikiliza watu wanaomeza maneno. Rudi."

Nikamsomea yote. Ametukasirikia wote wawili, wewe kwa kuandika na mimi kwa kuruka. Amesema, "Asubuhi tarishi ananijibia, jioni mke wangu ananichagulia, na dada yangu anamwelekeza cha kuchagua. Mna tofauti gani na huo mtambo wenu?" Ana haki, wifi. Nilikuwa nalia, na yeye alijua nalia.

Halafu akaniambia chukua simu, andika. Si kwako. Nakutumia nakala ujue kilichokwenda. Safari hii nimeandika kila neno.

Wifi yako

*

24 Machi

Kwa Mkuu wa Utoaji,

Mimi ndiye yule mdogo wake wa kuzaliwa. Sitakuchosha na habari za huruma. Huruma ninayo ya kutosha hapa ofisini, juzi ilinipeleka chooni bila haja.

Umeandika kwamba watu wa namna yangu ni wachache. Ni kweli. Na kwa mfumo huu wako tutapungua zaidi, kwa sababu kila mmoja atatolewa mezani kimya kimya, na wewe utahesabu tena uone tumekuwa wachache kuliko ulivyodhani. Umeandika kwamba hakuna ofisi isiyo na mtu mwenye macho. Nakubali, wapo. Wana kazi zao. Mimi nilikuwa na yangu.

Sikuombi unionee huruma wala uje kuniona. Nakuomba jambo dogo. Funga mlango wa ofisi yako, zima skrini yako, washa huo mfumo, uanze kazi. Usimwite mtu. Kaa hapo mpaka uchoke. Ukishachoka, mwite karani wako akubonyezee, na umwombe vizuri, kwa sababu ana haraka.

Dada yangu uliyemweka stoo alikosea mara moja, akasema amekosea, akaanza kurekebisha siku hiyo hiyo. Wewe hujakosea mahali popote. Hilo ndilo linalonitisha.

Mchapaji wa Masijala

*

3 Aprili

Redio,

Nimekuficha, nisamehe. Uliyosema kwa Wifi yamenifikia, na ulisema kweli. Sitafanya hivyo tena. Haya nayaandika yote, Wifi asome mpaka nukta ya mwisho.

Barua yako Mkuu hakuijibu. Alimpa mwenzangu wa meza ya pili aijibu kwa maneno laini. Huyo binti, kabla hajajibu, akataka ajue anajibu nini, akafanya ulivyosema. Alizima skrini yake mbele ya wenzake. Alipoiwasha tena akaichukua ile hati akaipeleka juu kwa Mkuu, haina saini. Mkuu akampa wa meza ya tatu, naye akamwambia, "Na mimi nimejaribu." Ikazunguka chumba kizima, kila mmoja akiirudisha. Hawakuandamana, hawakupiga kelele, walikataa tu. Nilipata habari hizi stoo kutoka kwa mfagizi, nikakaa juu ya boksi nikalia kama mtoto.

Mkuu angeweza kuisaini yeye. Lakini jina lingekuwa lake peke yake, na hilo hakulitaka. Karani wake anasema alimwona kwa mlango uliobaki wazi kidogo, amekaa mbele ya skrini nyeusi, mkono kwenye kibodi. Hakukaa sana. Aliiwasha haraka, akatoka, akasema utoaji unasogezwa kwa wiki moja.

Kidirisha sasa kitasema chenyewe, na kibodi itakijibu. Mtambo nao umeondolewa ile adabu, ukikutana na swali unasimama na kutuita. Hospitali yenu italetewa kwanza. Unajua tangazo la kampuni limesemaje? Kwamba tumechelewa ili "kuboresha zaidi mwonekano." Mwonekano, Redio. Nimelisoma tangazo hilo mara ngapi sijui, na kila mara damu inanipanda upya.

Mimi bado niko stoo. Mkuu anasema suala la mfumo na suala la nidhamu ni mambo mawili tofauti. Wa meza ya pili ndiye Mpimaji Mkuu sasa. Anakuja huku wakati wa chakula kuniuliza mambo, na namjibu. Mama nimemwambia. Amesema sufuria ya Wifi hairudi ng'o, ndiyo kitu pekee ndani ya nyumba ambacho hakijapunguzwa.

Dada yako

*

12 Aprili

Dada,

Hii naichapa mwenyewe. Shangazi yuko sikioni, ameshanikaripia mara nne kwa sababu vidole vina pupa, na sijawahi kufurahia kukaripiwa namna hii.

Walileta toleo jipya leo asubuhi. Bosi wa Masijala alisimama nyuma yangu, fundi pembeni, tarishi naye alikuja kwa mazoea kidole kikiwa tayari. Nikamwambia, "Asante mzee, kanywe chai." Nikawasha. Mashine ikaniuliza kwa sauti kama nairuhusu, nikabonyeza, kazi ikaanza. Ile skrini yenye ufa nimempelekea mhasibu mezani kwake, nikamwambia sasa anazo mbili.

Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi mpaka saa ya chakula. Kisha Bosi akaniletea hati kutoka kampuni yenu, inatumwa kwa kila ofisi iliyojaribu, na ya wachapaji nimeandikiwa mimi. Bila majibu yetu mazuri hawawezi kuutangaza mfumo huo mbele ya wageni wao. Shangazi akanisomea yote, hakuruka neno. Mashine inawaka? Ndiyo. Inaanguka? Hapana. Unaweza kufanya kazi yako bila msaada? Ndiyo. Mpaka hapo nilijibu kwa moyo mweupe. Swali la mwisho likauliza: je, umeridhika?

Nikamwambia Shangazi alirudie. Bosi akaniambia, "Bonyeza tu Ndiyo, wote wamebonyeza." Nikamwambia najua, kuna mtambo mmoja ulikuwa unafanya hivyohivyo. Akaniambia kampuni inasubiri, wageni wamekaa, nisimtie matatani, ninaweza kuipoteza kazi hii kwa mara nyingine. Nikamwambia nimeshakaa mlangoni, namba ninajua kuzigawa.

Najua utaniambia mama, utaniambia sweta, utaniambia nisijiponze kwa ajili yako. Usiniandikie hivyo. Hukuniuliza ulipoipoteza meza yako kwa ajili yangu, na mimi sikuulizi.

Nimebonyeza Hapana. Wakaniuliza sababu, nikaandika: aliyeurekebisha mfumo huu mmemweka stoo. Nimeituma, imeshafika.

Redio